Kuvua Watu Wakiwa Hai

Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Somo: Luka 5:1-11

 Nawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: ninyi wa Lodwar mjini na wa vijiji vya kandokando ya mto Turkwel, ninyi wa Kalokol na ufuo wote wa ziwa, na ninyi wa Kakuma na Kalobeyei, wenyeji na wakimbizi, mnaokaa pamoja karibu na mto Tarach.  

Kama una Biblia karibu, fungua Injili ya Luka, sura ya 5. Kama mikono yako ina kazi, unawasha moto au unakamua mbuzi, endelea na kazi yako na utege sikio; nitakusimulia.

Asubuhi moja Bwana Yesu alifika ufuoni mwa ziwa la Genesareti, na watu walikuwa wengi hata akakosa mahali pa kusimama. Hapo palikuwa na mashua mbili. Wenyewe walikuwa wameshuka, wanaosha nyavu zao, kwa maana walikesha kazini na hawakupata hata kitoweo. Yesu akaingia katika mashua ya Simoni, akawafundisha watu akiwa ameketi humo. Alipokwisha kufundisha alimwambia Simoni arudi mahali penye kina na kushusha nyavu. Simoni alieleza kwamba wamehangaika usiku kucha bure, lakini kwa kuwa Bwana amesema, atazishusha. Mnajua yaliyofuata: nyavu zikaanza kukatika, mashua mbili zikajaa hata zikakaribia kuzama. Simoni akaanguka magotini pa Yesu, akajiona jinsi alivyo mwenye dhambi. Ndipo Bwana alipomwambia asiogope, kwa kuwa tangu siku ile kazi yake itakuwa ni kuvua watu.

Ndugu msikilizaji, maneno hayo tumeyazoea sana. Tunayaimba katika shule ya Jumapili, na watoto huigiza kwa mikono wakivuta wavu. Lakini tujiulize kama watu wazima: je, kuvuliwa ni jambo jema? Sisi wa Turkana tunamjua samaki aliyevuliwa. Tumemwona Kalokol amepasuliwa, amepakwa chumvi, ameanikwa juani, kisha amefungwa na kupakiwa katika lori. Samaki akivuliwa, habari zake zimekwisha. Basi mtu akikuambia, "Njoo, nataka kukuvua," una haki ya kumwuliza, "Univue, kisha unifanye nini?"

Swali hilo ndilo nataka tulifikiri asubuhi ya leo. Nami nitalifikia kwa njia ya uvuvi wa namna nyingine, ambao baadhi yenu mmeuona na wengine hamjausikia kamwe.

Wako watu wanaovua samaki wala hawamtaki kwa chakula. Hutoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, wakalipa fedha nyingi, wakaenda kwenye mito ya nchi za joto kuwatafuta samaki wa asili wenye nguvu. Huko Tanzania huenda kwenye mito Mnyera na Ruhudji, katika bonde la Kilombero, kumtafuta yule samaki mwenye mistari ubavuni na meno marefu kama misumari, ambaye Waingereza humfananisha na simba milia. Huko Uganda huenda kwenye mto Nile, chini ya maporomoko ya Murchison, kumtafuta sangara. Na hapa kwetu, tangu siku ambapo ziwa liliitwa bado Rudolf, kabla ya kupewa jina la Turkana mwaka 1975, wageni walikuwa wakifika Ferguson's Gulf kuvua sangara kwa fimbo, na hoteli ya wavuvi ilijengwa juu ya ulimi wa mchanga wa Longech. Sangara huyu, ambaye Waturkana humwita iji, aliletwa katika ziwa Victoria na watu katika miaka ya 1950. Lakini kwetu yupo tangu zamani, naye aweza kupita kilo 100.

Katika mito niliyoitaja, baadhi ya wageni hao huvua kwa namna ya pekee. Hawatumii wavu, wala hawatii mnyoo au kipande cha nyama kwenye ndoana. Huchukua ndoana tupu, wakaifunga manyoya, nyuzi na vitu vya kung'aa, hata ikafanana na mdudu au na kisamaki kidogo. Wenyewe huiita "nzi." Kwa sababu nzi huyu hana uzito, hawezi kutupwa mbali kwa nguvu zake mwenyewe, ni mshipi wenyewe ulio mzito kidogo, nao hurushwa nyuma na mbele hewani kama mchungaji anavyochezesha mjeledi, kisha hulala juu ya maji. Kwa yule samaki mwenye meno huongeza kipande cha waya mbele ya ndoana, kwa maana angekata uzi mara moja. Samaki akija akameza, hupigana naye, humleta karibu, humtazama, pengine humpiga picha. Kisha humfungua ndoana na kumwacha aende zake.

Najua mmoja wenu anacheka sasa na kusema, "Mchungaji, mtu mwenye akili amtupe samaki?" Sikulaumu. Mwenye watoto wenye njaa humpeleka samaki nyumbani, na Mungu hubariki chungu chake. Bwana Yesu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwasha makaa ufuoni, akawaokea wanafunzi wake samaki, kama tunavyosoma katika Yohana 21. Sisemi habari za samaki. Nasema habari za watu. Na uvuvi huu wa kigeni una mambo matatu ya kutufundisha: la kiongozi, la chambo, na la mikono.

Kwanza, habari za kiongozi.

Mgeni havui peke yake. Hata awe na fimbo ya thamani ya ng'ombe wengi, mbele ya mashua au nyuma yake husimama mtu wa mahali pale. Huyo ndiye ajuaye mkondo unapokutana na maji yaliyotulia, jiwe ambalo samaki hujificha nyuma yake, na saa ya upepo. Ninyi wa ufuoni mnajua jinsi upepo wa kusini-mashariki unavyovuma usiku na asubuhi, na jinsi ulivyozamisha vyombo. Tena mgeni akimtazama samaki, kiongozi anamtazama mamba. Mmoja ana vifaa, wa pili ana maarifa. Na maisha ya yule wa kwanza yamo mikononi mwa yule wa pili.

Mzee mmoja wa Kalokol, ambaye katika ujana wake aliwaongoza wageni ziwani, aliniambia hivi: "Mchungaji, mgeni aliyeniuliza alipata samaki. Mgeni aliyekuja kunifundisha ziwa alipata jua tu."

Maneno hayo yanatukumbusha jambo la Kalokol yenyewe. Watu wa Norway walitusaidia sana katika uvuvi kuanzia miaka ya 1970, nao walikuwa mabingwa wa kazi hiyo baharini kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilikamilika Kalokol. Lakini kilifanya kazi kwa muda mfupi sana, kwa maana kugandisha samaki katika joto letu kuligharimu kuliko faida iliyopatikana. Na kabla miaka ile ya 1980 haijaisha, maji ya Ferguson's Gulf yalikauka, wavuvi wakabaki wanatazama mchanga. Siwacheki wale waliokuja kwa nia njema. Nasema tu kwamba ziwa hili hupanda na kushuka, na kulijua ziwa la mtu mwingine si sawasawa na kuijua kazi ya uvuvi.

Simoni Petro naye alikuwa bingwa. Alizaliwa katika kazi ile. Mbele yake alisimama mtu wa Nazareti, mji wa milimani, aliyekulia katika kazi ya useremala. Tena ilikuwa mchana, na wavuvi wale walizoea kuvua usiku. Kila alichokijua Petro kilimwambia kwamba haifai. Lakini aliweka maarifa yake chini ya neno la Bwana, akageuza mashua.

Ndugu mpendwa, labda wewe umekesha usiku mrefu. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa mwaka 2020, na wako waliomaliza kipindi kile bila mbuzi hata mmoja. Umejaribu kila unachokijua. Mimi sikuahidi kwamba ukimtii Kristo leo mashua yako itajaa kesho. Petro mwenyewe aliziacha zile mashua mbili zilizojaa, siku ile ile, akamfuata Yesu. Alichopata hakikuwa samaki. Alipata Kiongozi ambaye anayajua maji yote, hata yale ya mauti, kwa kuwa aliyapita akatoka ng'ambo.

Pili, habari za chambo.

Yule nzi wa manyoya, wapendwa, ni uongo. Ni uongo uliofungwa kwa ustadi. Samaki anaona chakula, kumbe hakuna chakula. Anaona uhai, kumbe ni chuma. Na kadiri samaki alivyo na njaa, ndivyo asivyochunguza.

Mtume Yakobo, katika sura yake ya 1, mstari wa 14, anapoeleza jinsi mtu anavyojaribiwa, hutumia neno la Kiyunani ambalo asili yake ni chambo. Tamaa humvuta mtu kama samaki anavyovutwa kutoka mahali pake pa salama. Na shetani hamjaribu mtu kwa kitu asichokitaka. Kijana asiye na kazi hupewa ahadi ya kazi. Msichana asiye na karo hupewa karo na mtu atakayeidai kwa njia nyingine. Mkimbizi hupewa ahadi ya safari.

Hapo nataka niseme waziwazi na ninyi wa Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na wako waliozaliwa humo ambao leo ni wazazi. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa sana kwa sababu fedha za msaada zilipungua, na mwanzoni mwa mwaka ule ule Marekani ilisimamisha kuwapokea wakimbizi, karibu wote. Watu waliokuwa wameuza vitu vyao wakingoja ndege walibaki na mabegi yaliyofungwa. Penye njaa na kungoja kwa namna hiyo, wenye kufunga nzi wa manyoya hawakosekani. Mmoja husema, "Nipe fedha, nitaingiza jina lako katika orodha." Mwingine, na huyu ndiye anayeniumiza zaidi, hushika Biblia, akasema, "Bwana amenionyesha pasi yako ya kusafiria. Leta sadaka ya kuifungua." Mama anauza sahani na blanketi la mtoto ili atoe sadaka hiyo. Mama mpendwa, sikiliza: Mungu hauzi nafasi katika ndege. Anayekuambia hivyo ana ndoana mkononi. Weka blanketi lako, umfunike mtoto.

Lakini tusiwatazame hao peke yao. Na sisi, makanisa yenye majengo ya mawe na vyeti vya serikali, tujichunguze. Katika nchi hii ya ukame chakula cha msaada kimepita katika mikono ya makanisa kwa miaka mingi, na ni jambo jema kabisa. Lakini je, kuna mahali ambapo mfuko wa mahindi uligeuka kuwa chambo? Je, tumewahi kuandika majina ya waliookoka katika daftari lile lile la waliopokea maharagwe? Ndugu wazee wa kanisa, chakula si chambo. Mpe mtu chakula kwa sababu ana njaa. Mhubirie Injili kwa sababu ni kweli. Ukivifunga viwili hivyo pamoja katika ndoana moja, umeviharibu vyote viwili: chakula si upendo tena, na Injili si habari njema tena.

Mtazameni Bwana Yesu. Aliwalisha watu elfu tano, nao wakataka kumfanya mfalme. Mvuvi gani angeacha wavu uliojaa namna ile? Yeye aliondoka, akaenda mlimani peke yake. Na walipomfuata ng'ambo ya ziwa aliwaambia usoni kwamba wanamtafuta kwa sababu ya mikate waliyokula. Wengi walirudi nyuma, wala hakuwafuata na ahadi tamu zaidi. Someni Yohana sura ya 6. Tena kwa kila aliyetaka kuwa mwanafunzi wake alitaja msalaba mapema, kabla ya safari kuanza. Wavuvi wengine huificha ndoana ndani ya manyoya. Yesu aliionyesha tangu mwanzo. Na ilipofika saa yake, chuma hakikumchoma samaki. Kilimchoma Mvuvi, mikononi na miguuni.

Kwa hiyo Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike, katika waraka wa kwanza, sura ya 2, kwamba alipowahubiri hakutumia hila wala maneno ya kujipendekeza, wala hakuwa na choyo kilichofichwa nyuma ya mahubiri. Kanisa lisiloweza kusema hivyo na liache kuvua kwanza, likatubu.

Tatu, habari za mikono.

Nimesema kwamba wageni hawa humrudisha samaki majini. Lakini kiongozi mwema atakuambia kwamba kumrudisha samaki si kumponya. Samaki amefunikwa na ute mwembamba juu ya magamba yake, nao humlinda na magonjwa. Mtu akimshika kwa mikono mikavu, au akimlaza juu ya mchanga wa moto, ule ute hufutika. Samaki ataogelea, utamwona anakwenda, utafurahi. Baada ya siku chache aweza kufa mahali ambapo humwoni. Tena kuna anayepigana na samaki muda mrefu kwa kujifurahisha, mpaka nguvu zimemwishia. Huyo naye akiachwa hugeuka tumbo juu. Na sangara akivutwa upesi kutoka kilindini, hewa iliyo ndani yake huvimba ikamwumiza. Ndiyo sababu kiongozi humwambia mgeni: lowesha mikono yako kwanza, usimwinue juu mno, usimshike kwa mashavu, mwache ndani ya maji, mwelekeze kwenye mkondo, umshikilie polepole mpaka apate pumzi. Yeye mwenyewe atakuonyesha saa ya kumwachia.

Sasa turudi kwa Luka. Mathayo na Marko husema kwamba Bwana aliwaita wanafunzi wawe wavuvi wa watu, nao hutumia neno la kawaida la mvuvi wa samaki. Lakini Luka, katika mstari wa 10, anaandika neno jingine. Kwa Kiyunani ni zogreo. Ndani yake mna maneno mawili: hai, na kukamata. Maana yake ni kumkamata mtu akiwa hai, kumchukua bila kumwua, kama askari anayeacha upanga alani na kumhifadhi mtu aliye mikononi mwake. Katika Agano la Kale lililotafsiriwa kwa Kiyunani, neno hilo hilo limetumika katika habari za Rahabu. Mji wa Yeriko ulipoanguka, Yoshua alimhifadhi Rahabu hai, yeye na jamaa zake wote. Someni Yoshua 6:25. Yule mwanamke, ambaye watu walikuwa wamemtumia kisha wakamtupa, alikamatwa na huruma akaishi, na jina lake limo katika ukoo wa Bwana wetu.

Basi hilo ndilo jibu la swali letu. "Univue, kisha unifanye nini?" Bwana anajibu: nikuvue upate kuishi. Samaki akitolewa majini hufa. Lakini mtu wa Kristo huingizwa majini, katika ubatizo, afe kwa habari ya dhambi na kuinuka katika uzima mpya.

Lakini liko onyo. Neno hilo la Luka limetumika mara moja tu mahali pengine katika Agano Jipya, nalo ni 2 Timotheo 2:26. Hapo anayekamata ni Ibilisi. Naye pia hukamata watu wakiwa hai, lakini ili wafanye mapenzi yake. Wavuvi ni wawili, na ziwa ni moja. Tena nabii Habakuki, mwishoni mwa sura ya 1, alimwona mfalme wa Wakaldayo akiyavua mataifa kama samaki, kwa ndoana na kwa wavu, kisha akautolea wavu wake dhabihu, kwa kuwa ndio uliomnonesha. Nawauliza wachungaji wenzangu na wainjilisti: je, hatujautolea wavu dhabihu? Tunahesabu mikono iliyoinuliwa katika mkutano, tunapiga picha, tunapeleka taarifa, ripoti inasomwa. Na wale watu wako wapi baada ya miezi sita? Tuliwashika kwa mikono ya namna gani?

Mikono mikavu ni ile inayomtaka mtu aeleze dhambi zake mbele ya kanisa zima ili wengine waogope. Mikono mikavu humwuliza mjane mpya, kabla hajaketi, kama atatoa fungu la kumi. Mikono mikavu humvuta kijana wa ng'ombe kutoka kilindini upesi, na kumwambia aache siku moja lugha yake, nyimbo zake na wazee wake, kana kwamba Kristo hawezi kumkuta pale alipo. Na iko mikono mikavu inayompokea mkimbizi kwa makofi siku ya Jumapili, lakini Jumatatu haijui jina lake. Watu wa namna hiyo huondoka kanisani kimya. Tunawaona wanaogelea, tunasema, "Ni mzima." Kumbe anaendelea kufa mahali tusipomwona.

Lakini Paulo, katika ile sura ya 2 ya Wathesalonike, aliposema kwamba hakutumia hila, aliongeza jambo la pili: alikuwa mpole kati yao, kama mama anyonyeshaye anavyowatunza watoto wake. Hiyo ndiyo mikono iliyoloweshwa. Hailegei, kwa maana mama halegei mtoto akitambaa kuelekea motoni. Lakini hushika kwa kumwogopea mtoto, wala si kwa kujiogopea yeye.

Hapo pia mfano wetu unafika mwisho wake, kama mifano yote. Mgeni akimwachia samaki hamwoni tena, wala hamkumbuki ila kwa picha. Kristo hafanyi hivyo. Akimshika mtu hamwachi, na kushikwa naye ndiko kuwa huru. Petro aliyevuliwa siku ile alikuja kumkana mara tatu kando ya moto wa makaa. Bwana alimtafuta tena ufuoni, akamlisha kwanza, kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwuliza kwa kelele mbele ya Yerusalemu. Alimwuliza asubuhi, baada ya chakula, kando ya moto mwingine wa makaa.

Sasa nasema na wasikilizaji wa namna tatu, nami nimekaribia mwisho.

Wewe uliye na njaa, ya chakula au ya tumaini, na mbele yako kuna kitu kinachong'aa juu ya maji: tulia kwanza. Uliza: ni nani ameshika fimbo? Anataka nini kwangu? Kaulize kwa mtu mzee unayemwamini, au kwa mchungaji asiyetaka fedha yako. Mungu hana haraka ya kukunyang'anya kitu.

Wewe uliye mvuvi wa watu, mzee wa kanisa, mwinjilisti, mama wa Umoja wa Akina Mama, mwalimu wa Jumapili: wiki hii usitupe wavu mpya. Mtafute mtu mmoja aliyekwisha kuvuliwa akaponyoka kwa sababu ya mikono yetu. Unamjua jina lake. Nenda nyumbani kwake bila daftari. Keti naye chini ya mti, umsikilize.

Nawe uliyeumizwa na kanisa, uliyeapa hutaingia tena mlangoni: sikulaumu kwa kuogopa mkono. Lakini usimhesabu Kristo pamoja na mikono iliyokukwaruza. Yake ina alama za misumari. Mkono uliojeruhiwa kwa ajili yako hautakushika kwa kujifurahisha.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeketi katika mashua ya maskini na kuwafundisha watu ufuoni, tunakushukuru kwa ziwa letu na mito yetu, na kwa wote wapatao riziki majini. Uwalinde na upepo na mamba, uwarudishe salama. Uwakumbuke wenye njaa huko Kakuma na katika nyanda zote za Turkana, na uwape mkate wa leo. Uwaokoe wale ambao sasa hivi wanavutwa na chambo cha uongo. Utusamehe sisi watumishi wako, kwa hila zetu na kwa mikono yetu mikavu. Tuloweshe kwa Roho wako Mtakatifu, ili kila utakayemleta kwetu apate kuishi. Kwa jina lako tunaomba. Amina.

Nendeni kwa amani, mkamtumikie Bwana.